Nikasomee kupiga tarumbeta au kufundisha?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 29, kwetu ni Machame, ninakaa Sinza. Kazi yangu ni tarumbeta. Nikijaza fomu za benki huwa naandika "mwalimu" ili nisiulizwe maswali, ila ukweli ni huo. Nilianza kupuliza nikiwa darasa la tano, kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika, ile ambayo alfajiri ya Pasaka inaamsha kijiji kizima. Baadaye nikasoma shahada ya muziki hapa hapa nchini, nikahitimu miaka minne iliyopita. Sasa hivi siku tatu kwa wiki niko shule moja binafsi, nafundisha rekoda, kinanda na tarumbeta. Jioni nazunguka Mikocheni na Mbezi Beach kufundisha watoto majumbani kwao. Jumamosi mimi na wenzangu tunapanda nyuma ya Kirikuu, tunasindikiza maharusi kutoka saluni mpaka ukumbini. Mara mojamoja bendi ya hoteli hunikodi Ijumaa. Jumapili jioni nawafundisha vijana wa usharika ninaosali, bure. Vijana wako kama ishirini na ala ni kumi na nne, kwa hiyo wanapokezana.

Mwezi mzuri napata milioni moja na laki nne. Shule zikifungwa naangukia laki tano, na Kwaresima ikiingia harusi zinakauka.

Nataka kusoma uzamili. Mwalimu mmoja Mjerumani aliyekuja kutoa semina ya matarumbeta kwenye dayosisi yetu aliniambia kwao kuna shahada inayounganisha vitu viwili: unaendelea kupiga kwa kiwango cha juu na papo hapo unajifunza kufundisha ala yako. Ni miaka miwili. Mimi mwenyewe nimekuta Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wana uzamili wa mwaka mmoja wa ufundishaji wa ala na sauti. Halafu iko ile ya kupiga tu, ambayo ndiyo ndoto yangu tangu niko kidato cha pili: nisimame mbele peke yangu, nyuma yangu piano, watu wamenyamaza wananisikiliza, siyo wanasubiri keki ikatwe.

Nilipomwambia mwenzangu mpiga saksofoni kuhusu hiyo ya Ujerumani, alicheka. Akasema, "Hiyo ya kuchanganya ni ya watu walioshindwa kupiga. Mpigaji hasomei kufundisha, anafundisha tu akikosa shoo." Maneno hayo hayajanitoka. Kaka yangu mkubwa ni mhasibu, naye kaja na lake: "Uende Ulaya ukasomee kuwafundisha watoto do re mi?" Mama yangu yeye hana neno, amesema tu tuuze eka moja ya shamba la porini tupate pa kuanzia. Mchumba wangu ni muuguzi. Mahari tumeshatoa nusu. Amesema mwaka mmoja atavumilia, miwili hapana.

Kuna jambo jingine, sijui hata kama lina maana. Nina mwanafunzi wa miaka tisa ambaye muda wote alikuwa anavimbisha mashavu, na sauti haipandi kupita sol. Nimesema mpaka nimechoka: kaza pembe za mdomo, usivimbishe. Siku moja nikamnyang'anya tarumbeta, nikachana kipande cha karatasi ya daftari, nikamwambia aibandike ukutani kwa pumzi tu bila kuishika. Tukashindana nani atakaa nayo muda mrefu. Wiki iliyofuata mashavu yametulia na ile sol ameipita. Mama yake alilalamika kwamba yeye analipia tarumbeta, halipii mchezo wa karatasi. Mama, nilikuwa na furaha kuliko harusi yoyote niliyowahi kupiga, lakini nilishindwa kumweleza yule mzazi kwa nini karatasi ilifanya kazi. Najua inafanya kazi. Kueleza siwezi.

Nichague ipi? Na nikirudi na cheti cha kufundisha, si ndiyo nimeagana na jukwaa?

Mpuliza tarumbeta, Sinza

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo mpiga saksofoni, maana naona amekukosesha usingizi kuliko ada yenyewe. Mwulize akutajie watu hapa nchini wanaolipwa mshahara wa kila mwezi kwa kupuliza tarumbeta na si kitu kingine. Atakutajia waliovaa sare: bendi ya Polisi, ya Jeshi, ya Magereza, ya JKT. Nje ya hapo kila mpigaji unayemfahamu, yeye mwenyewe akiwemo, anaishi kwa vipande: shoo hapa, mwanafunzi pale, studio siku ikitokea. Na asidhani ni umaskini wetu tu. Ujerumani, ambayo pengine hakuna nchi inayoizidi kwa wingi wa okestra, ina okestra za kulipwa zipatazo 130. Kila moja ina nafasi chache za tarumbeta, tuseme tatu mpaka sita, na aliyeipata nafasi haiachii mpaka anastaafu. Upande wa pili zipo shule za muziki za umma zaidi ya 900, na zote zinataka walimu wa ala. Kwa hiyo hata mtoto wa Kijerumani aliyezaliwa na tarumbeta mkononi anajua kwamba uwezekano mkubwa ni kufundisha huku akipiga.

Wenye vyuo wamelijua hilo zamani. Royal Academy of Music ya London, iliyoanzishwa 1822, ina diploma yake ya ufundishaji iitwayo LRAM, na wanaoisomea ni wanafunzi wale wale waliokwenda pale kusomea kupiga. Leipzig, mji ambao wamisionari wake walifika kwenu Machame mwaka 1893, ina konservatori, yaani chuo cha muziki, iliyoanzishwa na mtunzi Mendelssohn mwaka 1843, na hadi leo chuo hicho kinafundisha upigaji na ufundishaji chini ya paa moja. Na kuingia kwenye hizo kozi za kuchanganya hakuendi kwa huruma. Unafanya usaili wa kupiga kama wengine, unapiga vipande vya mitindo tofauti mbele ya walimu, na vyuo vingi vinaongeza mahojiano au vinakutaka ufundishe kidogo mbele yao. Aliyeshindwa kupiga anaishia hapo mlangoni.

Sasa nije kwenye ile aya uliyosema hujui kama ina maana. Barua yako yote umeeleza kazi zako kama mtu anayesoma risiti. Ulipofika kwa yule mtoto na karatasi, ndipo nikamwona mtu. Na ndipo jibu lako lilipo, kwa sababu umeandika mwenyewe: "Kueleza siwezi."

Nilifundisha kinanda miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, tarumbeta silijui vizuri, ila la karatasi naliona hivi. Karatasi inakaa ukutani pale tu pumzi inapotoka mfululizo na kwa kasi ile ile. Ikiyumba kidogo, imeanguka. Ulipokuwa unamwambia mtoto "usivimbishe mashavu" ulikuwa unamtuma akafikirie mashavu, na mashavu hayakuwa chanzo, yalikuwa matokeo ya pumzi iliyokosa njia. Ulipompa karatasi, pumzi ikawa kitu anachokiona kwa macho. Akashughulika na karatasi, pumzi ikanyooka, mashavu yakakosa kazi ya kufanya. Hapakuwa na mchezo hapo. Lilikuwa somo la tarumbeta, tena zuri, na mama yake alipata thamani ya hela yake bila kujua.

Lakini atakuja mtoto mwingine ambaye shida yake ni kukandamiza tarumbeta kwenye midomo mpaka damu inakimbia. Huyo ukimpa karatasi ataibandika vizuri sana, na akirudi kwenye tarumbeta atakandamiza vile vile. Hapo utafanya nini? Sasa hivi unabahatisha, na kwa kuwa una kipaji unabahatisha vizuri. Uzamili wa aina unayoiulizia umetengenezwa kwa ajili ya pengo hilo. Wajerumani wana mtihani wao: unakaa na mwanafunzi, walimu wako wamekaa nyuma na kalamu, unafundisha somo zima, mwanafunzi akishatoka wanakugeukia na kukuuliza kwa nini ulifanya ulichofanya. Kwa nini ulianza na wimbo na siyo skeli? Ulisikia nini kabla hujamsimamisha? Uingereza mara nyingi unajirekodi video ukifundisha, unakaa na msimamizi mnaitazama, dakika kwa dakika. Wanaopita huko wanasema kujitazama kunauma kuliko usaili wowote. Unajiona unavyomkatiza mtoto kabla hajamaliza, unavyoongea robo tatu ya somo.

Kwa hiyo kigezo changu cha kuchagua ni kimoja. Usiangalie jina la kozi. Waandikie uwaulize nani atakuwa amekaa chumbani wakati unafundisha, na huyo mwanafunzi utakayemfundisha anatoka wapi. Chuo kinachojibu kwamba kina wanafunzi wa mazoezi, au kina makubaliano na shule ya muziki ya jirani, na kwamba mwalimu wa ala za shaba, tarumbeta na wenzake, atakuangalia ukiwafundisha, hicho kimesimama. Kikikujibu kwa maneno mengi kuhusu falsafa ya elimu na hakuna mtoto hata mmoja mwenye ala mkononi, achana nacho. Ukishapata jibu hilo uliza pia una saa ngapi kwa wiki na mwalimu wa tarumbeta, maana zipo kozi ambazo ukiingia tarumbeta linabaki kuwa jambo lako binafsi. Na uliza kama mwisho kuna onesho lako la kuhitimu, lenye alama.

Kwa vigezo hivyo, York itakupa sana upande wa ufundishaji. Imejikita hapo na haifichi, na ina mazoezi ya kufundisha ndani yake. Upigaji wako utautunza mwenyewe. Ni mwaka mmoja, ni Kiingereza, inaanza vuli. Tatizo ni fedha: kwa mtu wa nje ya Uingereza, uzamili wa namna hii huwa unapita pauni 20,000 kwa ada peke yake, yaani zaidi ya shilingi milioni 60, hujala wala hujalala. Eka ya mama haifiki hata robo ya safari. Kwa hiyo Uingereza kwako maana yake ni Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, au usahau. Chevening inalipa ada, nauli na posho, kwa uzamili wa mwaka mmoja. Inataka uwe na saa 2,800 za kazi baada ya shahada, na hapa nakuomba utulie usome vizuri: za muda, za kujitolea, zote zinahesabika. Wale vijana wako wa Jumapili wamo. Maharusi wa Kirikuu wamo pia, kama una namna ya kuthibitisha. Fomu hufunguliwa Agosti na kufungwa vuli hiyo hiyo, unachagua kozi tatu, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Kwa mtu mwenye mchumba hilo la kurudi si adhabu. Ila ujue kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na mwenzi wake, isipokuwa anayelipiwa na ufadhili wa serikali, na Chevening yenyewe haimlipii mtegemezi.

Ujerumani ndiko penye kile hasa ulichokisikia kwenye semina. Miaka miwili, ala yako na ufundishaji wake vikitembea pamoja, na jadi ya matarumbeta ya kanisa uliyokulia wataielewa bila kuelezwa, kwa kuwa ni yao. Vyuo vingi vya muziki vya serikali havitozi ada, unalipa mchango wa muhula tu. Siyo vyote. Vile vya jimbo la Baden-Württemberg, yaani Stuttgart, Freiburg, Karlsruhe, Mannheim na Trossingen, tangu 2017 vinatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Leipzig nayo inatoza. Usije ukachagua Leipzig kwa mapenzi ya historia ya Machame ukasahau kuuliza bei.

Pia ubalozi utataka uoneshe una fedha za kuishi: euro 11,904 kwa mwaka, zimekaa kwenye akaunti maalumu ambayo huwezi kuzichota zote kwa mkupuo, unapewa 992 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30 kabla hujafunga begi. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kwa mwaka, lakini hizo zinakuja baadaye, ubalozini hazisaidii. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa wahitimu wa muziki kutoka nje ambao ukiupata unamaliza habari ya akaunti hiyo. Kwa kawaida wanataka uwe hujapitisha miaka sita tangu uhitimu, na wewe tayari una minne.

Na sasa Kijerumani. Hili mwalimu wa semina hakukueleza, nadhani kwa sababu kwake lugha si tatizo. Mtu wa kupiga tu anaweza kupita na Kijerumani cha kuombea maji. Wewe unakwenda kufundisha watoto wa miaka minane wanaoongea Kijerumani, wanaonong'ona, wanaodanganya kwamba wamefanya mazoezi. Tegemea kuombwa B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha, A1 ikiwa ya kwanza. Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, wapo hapo Dar. Kwa mtu anayefanya kazi mchana na kufundisha jioni, kutoka sifuri mpaka B2 ni mwaka mmoja na nusu, mara nyingi miwili. Vyuo vingi vinafunga maombi majira ya kuchipua, usaili unafuata, masomo yanaanza Oktoba.

Jumlisha. Umemwambia mchumba wako miaka miwili, na yeye amekataa miwili. Ukweli ni kama minne kuanzia leo, ingawa miwili ya mwanzo utakuwa hapa hapa Sinza unakariri der, die, das. Binti wa watu anapiga hesabu na namba ambayo siyo. Mpe namba zote mbili leo: York ni karibu miaka miwili tangu leo ukihesabu maombi, na katika hiyo utakuwa mbali mwaka mmoja, Ujerumani ni minne, utakuwa mbali miwili, na huko mwenzi wa ndoa anaweza kufuata kama fedha zinatosha. Yeye ni muuguzi, na Ujerumani inatafuta wauguzi kwa taa. Sisemi aende. Nasema labda ulikuwa unamuuliza swali la kuvumilia wakati lilikuwepo swali jingine la kumuuliza. Muoane lini si kazi ya safu hii.

Shamba la porini lisiuzwe. Mama yako amelitoa kwa moyo, mshukuru, umwambie alipande mahindi. Kozi ambayo inakulazimu kuuza ardhi ili ufike nusu ya gharama ni kozi ambayo bado hujapata mfadhili wake. Basi.

Ukiniuliza mimi, moyo wangu uko Ujerumani kwa sababu huhitaji kuchagua kati ya midomo yako na ule ulimi unaoshindwa kueleza. Lakini mwili wangu unaona Chevening ndiyo iliyo karibu. Usiumize kichwa kuamua leo. Jiandikishe A1 na wakati huo huo jaza fomu ya Agosti. Ukifika B1 ukajikuta bado una hamu, endelea. Ukijikuta unalikwepa darasa kila wiki, umejijibu. Kama zote zitagoma, Nairobi ni safari ya basi na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina uzamili wa muziki, na Cape Town wana South African College of Music, tangu 1910, kwa Kiingereza. Si njia za aibu.

Hiyo ya kupiga tu sijaisahau. Kama ungekuwa na miaka 21 na mfadhili, ningekwambia nenda. Ukiwa na 29, na wanafunzi unaowapenda kiasi hicho, ningeogopa urudi na ufundi mkubwa wa kupiga na kazi zile zile ulizoziacha, na bado usiweze kumjibu mama wa yule mtoto. Ile hofu yako ya kuagana na jukwaa kwa sababu umesomea kufundisha, ipunguze kwa kuangalia ratiba yako. Huko kwenye kozi ya kuchanganya utasimama mbele na piano nyuma yako, watu wamenyamaza, kwa sababu ni mtihani na hawana ruhusa ya kula keki. Ukirudi, hakuna bendi ya hoteli iliyowahi kumuuliza mpuliza tarumbeta kwamba shahada yake ilikuwa na somo gani la ziada.

Kipo cha kufanya kabla ya hayo yote, na hakihitaji viza. ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, wana diploma ya upigaji inayoitwa ARSM: onesho la nusu saa, unaweza kulituma kwa video, sharti uwe na gredi ya nane. Trinity College London wana za upigaji na za ufundishaji pia. Chukua moja mwaka huu. Itakulazimisha upige vipande ambavyo Kirikuu haivihitaji, na video hiyo hiyo ndiyo vyuo vya nje hutumia kuchuja watu kabla ya usaili. Halafu weka simu juu ya kabati ujirekodi ukifundisha, kwa ruhusa ya wazazi, tena anza na vijana wa usharika. Ishirini kwa ala kumi na nne! Unajua vyuo vingapi vya Ulaya vinahangaika sasa hivi kuwafundisha walimu wao namna ya kufundisha kundi, baada ya kuzoea mtoto mmoja mwalimu mmoja? Hilo unalolifanya bure kila Jumapili liandike kwenye barua ya maombi, aya ya kwanza. Eleza wale sita wasio na ala wanafanya nini wakati wenzao wanapuliza. Kama hawafanyi kitu, tafuta cha kuwapa wiki hii.

Upande wa kurudi, hakikisha unachopewa mwisho ni shahada ya uzamili kamili na siyo cheti cha kuhudhuria, maana TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndio watakaokitambua au kukikataa. Toa na GPA yako ya shahada ya kwanza uitazame, kwa kuwa ukitaka kufundisha chuo kikuu wataiangalia hiyo pamoja na ya uzamili. Mtaala ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, sanaa zikiwemo, na walimu wanaoweza kufundisha ala yenyewe, siyo kuandika nota ubaoni tu, ni wa kutafuta. Mtu atakayeweza kuwafundisha hao walimu ndiye adimu zaidi, na nadhani huko ndiko unakoelekea hata kama hujalisema.

Kaka yako mhasibu usibishane naye kuhusu do re mi. Mpelekee karatasi yenye namba hizi: 11,904, mchango wa muhula, ada ya Goethe kwa kila ngazi, nauli ya usaili, mapato yako ya miezi kumi na miwili ukijumlisha Kwaresima. Mwombe akupangie. Wahasibu hawawezi kuacha jedwali likiwa nusu, na akishalimaliza atakuwa ameshaingia kwenye safari yako bila kuombwa. Mwambie pia anisaidie kukagua ile ya York, hesabu zangu za pauni zimezunguka kidogo.